Gari la zimamoto juu ya meza: Jinsi ya kuunda na kupaka rangi modeli kwa vifaa vya kijijini

GURUDUMU la gari kubwa la zimamoto lina kimo cha takriban mita 1. Kizibo cha chupa ya soda nacho kina upana wa takriban milimita 32. Mita 1 ikigawanywa kwa milimita 32, jibu ni 31 na ushei. Mafundi wa magari ya mfano kote duniani wana kipimo kinachokaribiana mno na jibu hilo, nacho ni 1:32.

Kwa hivyo, vizibo vinavyotupwa kila siku katika soko la Ishiara, Kaunti ya Embu, ni magurudumu tayari ya gari la zimamoto, mradi sehemu nyingine zote za gari hilo zipunguzwe kwa kiwango hicho hicho. Sharti hilo ndilo linalotenganisha modeli na kichezeo cha kawaida.

Suala hili limepata uzito mpya shuleni. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mnamo Januari 2019, unamtaka mwanafunzi aoneshe kwa mikono yake kile alichojifunza. Katika Gredi ya 7 hadi ya 9, somo la maandalizi ya ufundi linagusia uchoraji wa vipimo, aina za malighafi, matumizi ya zana na usalama kazini. Modeli moja ya gari inaweza kuyabeba mambo hayo yote manne.

Hata hivyo, kazi za mikono zimezua manung'uniko si haba. Tangu mtaala huo uanze, wazazi wengi wamelalamika kuhusu gharama ya kununua vifaa, na kwamba aghalabu wao ndio hukesha wakiitengeneza kazi ambayo mtoto anaibeba asubuhi kama yake. Malalamiko hayo yana msingi. Lakini gari la zimamoto linaweza kuundwa kwa vitu ambavyo tayari vimetupwa, na mtoto wa umri wa miaka 12 anaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mwenyewe akielekezwa ipasavyo.

Seti za viwandani

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, uundaji wa modeli ni burudani ya watoto na watu wazima. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa 1939, ilijipatia jina katika miaka ya 1950 kwa kuuza ndege na meli za plastiki zilizogawanywa vipande vipande. Kampuni za Italeri ya Italia na Revell ya Ujerumani zimewahi kutoa magari ya zimamoto ya skeli ya 1:24, nayo AMT ya Marekani ikatoa magari ya American LaFrance ya skeli ya 1:25.

Seti kama hizo huja katika boksi. Ndani yake mna vipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu, magurudumu ya mpira, vibandiko vya maandishi na kitabu cha maelekezo. Mtengenezaji hukata kila kipande kutoka kwenye fremu, hulainisha kovu la mkato kwa msasa, hujaribu kuvioanisha vipande kabla ya kutia gundi, kisha huvigandisha. Gundi inayotumiwa huyeyusha plastiki kidogo ili vipande viwili viwe kitu kimoja. Baada ya hapo huja rangi ya msingi, rangi yenyewe, vibandiko na hatimaye vanishi.

Utaratibu huo haubadiliki hata pale ambapo hakuna boksi la dukani. Kukata, kulainisha, kujaribu, kuunganisha na kupaka ndizo hatua zile zile anazozifuata mtoto wa Mbeere anayetengeneza gari la waya na kulisukuma barabarani kwa usukani mrefu unaomfika kifuani. Kinachokosekana katika gari la waya ni kitabu cha maelekezo, yaani vipimo. Maadamu vipimo vinaweza kupatikana kwa rula na hesabu ya kugawanya, pengo hilo linazibika.

Vipimo kabla ya mkasi

Skeli ya 1:32 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya modeli inasimamia sentimita 32 za gari halisi. Magari ya zimamoto hutofautiana kwa ukubwa, ila lori la kawaida la kazi hiyo linaweza kukadiriwa kuwa na urefu wa mita 8, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 3.2. Kila kipimo kikigawanywa kwa 32, modeli itakuwa na urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 7.8 na kimo cha sentimita 10.

Hesabu hiyo inaendelezwa kwa kila kiungo. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ukiwa mita 4.5, unakuwa sentimita 14. Kabini ya dereva na kikosi chake, yenye urefu wa mita 2.5, inakuwa sentimita 7.8. Mzimamoto mwenye kimo cha mita 1.75 anakuwa na sentimita 5.5, kwa hivyo mlango wa kabini hauna budi kumruhusu mtu wa kimo hicho kuingia.

Kosa linaloharibu modeli nyingi ni kuchanganya skeli. Mtoto hutengeneza bodi nzuri, kisha akaweka magurudumu ya vifuniko vya mikebe ya mafuta ya kupikia, na gari likafanana na trekta. Au huzungusha kamba ya kiatu ubavuni iwe mpira wa maji. Kamba ya kiatu yenye upana wa milimita 6 inasimamia mpira wenye upana wa sentimita 19, ambao hakuna mzimamoto angeweza kuukumbatia ukiwa umejaa maji. Mpira halisi wa kuzimia moto una kipenyo cha takriban sentimita 7 au pungufu, na katika skeli hii ni milimita 2. Uzi mnene wa mkonge unafaa zaidi.

Inashauriwa gari lichorwe kwanza kwenye karatasi, likionekana kwa ubavu, kwa mbele na kwa juu, kwa vipimo vile vile vya modeli. Mchoro huo hugeuka kuwa kigezo: karatasi hukatwa, hulazwa juu ya bati au kadibodi, na mstari hupitishwa kando yake.

Malighafi ya Ishiara

Ishiara iko katika nyanda za chini zenye joto za Mbeere Kaskazini, karibu na mto Thuci. Ni eneo la mbuzi, mtama, mawele na pojo. Ukame unaowasumbua wakulima humo umewapa watengenezaji wa modeli malighafi mbili nzuri.

Ya kwanza ni mkonge. Mlingoti wa ua la mkonge ukikauka huwa mwepesi na laini kiasi cha kukatwa kwa kisu kidogo, sifa zinazofanana na za mbao za balsa ambazo waundaji wa modeli ng'ambo huzinunua kwa bei ghali. Ukipasuliwa kwa urefu, mlingoti mmoja hutoa vibao vya kutosha magari kadhaa.

Ya pili ni mti wa mukau, unaostahimili ukame na kupandwa kwa wingi katika maeneo kame ya Mbeere na Ukambani. Mbao zake huranda vizuri na hazishambuliwi upesi na mchwa. Mabaki yake katika karakana ya seremala yanafaa kuwa fremu ya chini, ile inayobeba uzito wote wa gari.

Vitu vingine hupatikana jaani na dukani: kadibodi, mkebe wa bati, chupa ya maji ya plastiki iliyo angavu, ndara kuukuu, waya mgumu, vizibo 12 vya soda, karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, chupa ya dawa ya kikohozi ya mililita 100 na kalamu ya Bic iliyokwisha wino. Zana ni rula, penseli, kisu, mkasi, koleo, msumari, nyundo, msasa na gundi ya mbao.

Kuunda hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni fremu. Kipande cha mukau cha urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 5 hulainishwa kwa msasa, kisha hutiwa alama mahali pa ekseli mbili zenye umbali wa sentimita 14 kati yake. Waya mgumu hupitishwa ndani ya vipande vya mrija wa kalamu vilivyogandishwa chini ya fremu ili uzunguke bila kukwama.

Magurudumu hufuata. Kila kizibo hulazwa juu ya ubao na kutobolewa katikati kwa msumari. Tundu lisipokuwa katikati kabisa, gari litachechemea. Tairi la lori lina upana wa karibu sentimita 30, ambao hapa ni milimita 9, ilhali kizibo kimoja kina kina cha milimita 6. Kwa hivyo kila gurudumu hujengwa kwa vizibo 2 vilivyoelekezana midomo, na kati yake mkawekwa duara la mpira wa ndara. Vizibo husukumwa juu ya mpira huo hadi vishike imara.

Ekseli ya mbele huwa na gurudumu 1 kila upande, na ya nyuma huwa na magurudumu 2 kila upande. Hayo ni magurudumu 6, na ndiyo sababu ya kuhitaji vizibo 12. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini nyuma kuwe na magurudumu mawili mawili atalipata jibu katika hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni tangi. Hapa hesabu hubadilika, na wengi huteleza. Urefu hugawanywa kwa 32, lakini ujazo una urefu, upana na kina, kwa hivyo hugawanywa kwa 32 mara tatu, yaani kwa 32,768. Chupa ya dawa ya mililita 100, ikizidishwa kwa nambari hiyo, inasimamia tangi la takriban lita 3,300. Hicho ni kiasi ambacho lori la zimamoto linaweza kubeba bila shida. Chupa hulazwa katikati ya fremu, nyuma ya kabini, kisha hufunikwa na bodi.

Lita 3,300 za maji zina uzito wa tani 3.3. Mzigo huo, ukijumlishwa na pampu, ngazi na vifaa, huegemea ekseli ya nyuma, na ndio unaohitaji magurudumu mawili kila upande. Kwa hesabu hiyo hiyo, gari zima la tani 14 linapaswa kuwa modeli ya takriban gramu 430. Duka lolote lenye mizani linaweza kuthibitisha jinsi mtengenezaji alivyokaribia.

Bodi hutengenezwa kwa vibao vya mkonge au kadibodi ngumu. Mtu akitumia bati, kingo zote zikunjwe kwa koleo ili zisimkate mtoto. Kabini hukatwa madirisha kabla ya kuunganishwa, na vioo vyake hutoka kwenye chupa ya maji. Milango ya kando ya magari mengi ya zimamoto hukunjika kwenda juu kama milango ya maduka. Mwonekano huo hupatikana kwa kulaza karatasi ya fedha juu ya kitambaa na kuchora mistari iliyosongamana kwa ncha ya kalamu isiyo na wino.

Ngazi ya mita 10 inayobebwa juu ya paa huwa imekunjwa vipande viwili vya mita 5, yaani sentimita 15.6 kila kimoja. Vidato vyake vina nafasi ya sentimita 30 hivi, ambayo ni milimita 9 katika modeli. Vijiti vya kuchokolea meno vinatosha. Wapendao ngazi ya kuzunguka na kurefuka wanapaswa kujua kwamba ngazi za magurudumu zina historia ndefu: Conrad Dietrich Magirus wa mji wa Ulm, Ujerumani, alitoa yake 1872. Ngazi ya mita 30 katika skeli hii ingekuwa na sentimita 94 ikinyooshwa, karibu mara nne ya urefu wa gari lenyewe.

Pampu huwekwa nyuma au katikati, na huoneshwa kwa vifuniko vidogo vya dawa ya meno na shanga zinazosimamia vipimio vya presha. Kando ya bodi hufungwa mabomba mawili manene, yaliyotengenezwa kwa ganda la waya wa umeme lenye unene wa milimita 3 au 4. Hayo ni mabomba ya kufyonzea maji kutoka mtoni au bwawani. Mwisho ni taa za kumulika: kile kizibo kidogo cha buluu kilicho nyuma ya kalamu ya Bic kinalingana vyema na taa ya juu ya kabini.

Kupaka rangi

Modeli iliyoundwa vizuri inaweza kuharibiwa na rangi katika dakika 10. Kanuni ya kwanza ni usafi. Bati na plastiki huoshwa kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya vidole, hukaushwa, kisha husuguliwa kidogo kwa msasa laini ili rangi ipate mahali pa kushika. Mkonge hunyonya rangi kama sifongo, kwa hivyo hupakwa kwanza gundi ya mbao iliyochanganywa na maji.

Kanuni ya pili ni rangi ya msingi. Rangi nyekundu ni dhaifu katika kufunika kilicho chini yake. Ikipakwa moja kwa moja juu ya kadibodi ya kahawia, hugeuka kuwa ya udongo. Ikipakwa juu ya nyeupe, hung'aa. Basi gari zima hupakwa nyeupe, na mahali ambapo mistari na bampa zitabaki nyeupe hufunikwa kwa karatasi ya gundi kabla ya nyekundu kufuata. Karatasi ikibanduliwa, mstari hubaki umenyooka.

Kanuni ya tatu ni subira. Tabaka tatu nyembamba hushinda tabaka moja nene, ambayo huchuruzika na kuziba mistari ya milango. Kila tabaka iachwe ikauke kabisa, na rangi ya mafuta ilale usiku kucha. Katika joto la Ishiara, jua la adhuhuri hukausha uso wa rangi ilhali ndani ingali mbichi, na matokeo yake ni makunyanzi. Upepo nao huleta vumbi. Wakati unaofaa ni asubuhi, kivulini, na modeli iliyopakwa ifunikwe kwa boksi ambalo haliigusi.

Matairi na sehemu za chini hupakwa nyeusi, na milango ya kando huachwa na mng'ao wake wa fedha. Maandishi huja mwisho. Herufi za sentimita 30 kwenye gari halisi ni za takriban sentimita 1 hapa. Katika nchi nyingi neno FIRE huandikwa kinyume mbele ya gari ili dereva aliyetangulia alisome sawasawa katika kioo chake cha kutazamia nyuma. Mwanafunzi anaweza kuliandika neno ZIMAMOTO kwa mtindo huo na kulithibitisha kwa kioo cha mkononi.

Wekundu wenyewe ni desturi iliyokita mizizi. Ujerumani, mathalan, ina nyekundu maalumu ya zimamoto iitwayo RAL 3000. Ila jicho la binadamu huuona wekundu kwa shida wakati wa magharibi. Utafiti wa Solomon na King kuhusu magari ya zimamoto ya jiji la Dallas, Marekani, uliochapishwa 1995, ulionesha kuwa magari ya manjano yenye ukijani yalipata ajali chache kuliko mekundu. Ndiyo maana magari mekundu ya siku hizi huwekewa utepe wa manjano unaoakisi mwanga, na modeli isiyo na utepe huo ina upungufu.

Hadhari ya lazima

Lingekuwa jambo la kusikitisha modeli ya gari la zimamoto iwe chanzo cha moto. Rangi ya mafuta na tina hutoa mvuke unaoshika moto kwa urahisi. Kazi hiyo isifanyiwe jikoni, karibu na jiko la makaa, koroboi au mshumaa. Petroli isitumiwe kamwe kuyeyushia rangi wala kuoshea brashi, kwani mvuke wake husambaa chini kwa chini na kuufuata moto ulio mbali. Kwa mtoto, rangi ya maji inatosha na brashi yake huoshwa kwa maji.

Hatari nyingine haionekani. Rangi za zamani, hasa nyekundu, manjano na ya machungwa zenye kung'aa, ziliwahi kutiwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili, na watoto ndio wanaoathirika zaidi, hususan akili zao. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi. Kwa hivyo mabaki ya rangi katika mkebe wa miaka mingi usio na lebo hayafai kwa kazi ya mtoto, na rangi kuukuu isisuguliwe kwa msasa bila kuloweshwa, maana vumbi lake ndilo sumu.

Kinachofunzwa na modeli

Mwanafunzi aliyemaliza kazi hii amekwisha kupima, kugawanya, kuzidisha na kuchora. Lakini faida kubwa zaidi ni kwamba sasa anaweza kuliuliza gari la zimamoto maswali ambayo watu wazima wengi hawajawahi kuyauliza.

Swali la kwanza ni la maji. Tangi la lita 3,300 lina maji ya muda gani? Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, maji yatakwisha kwa dakika 8 na sekunde chache. Pampu ya lita 2,000 kwa dakika, ambayo ni ya kawaida, ikifunguliwa yote, tangi litakauka kabla ya dakika 2 kwisha. Kila mara jengo linapoteketea, umma huwalaumu wazimamoto kwamba walifika bila maji ya kutosha. Lawama hiyo yaweza kuwa ya haki au isiwe, lakini aliyeibeba chupa ya mililita 100 mkononi mwake anaelewa kwamba gari pekee halitoshi. Linahitaji mahali pa kujazia.

Swali la pili ni la yale mabomba mawili ya ubavuni. Gari linaweza kufyonza maji kutoka mto kama Thuci, lakini si kutoka kina chochote. Presha ya hewa haiwezi kuyainua maji zaidi ya mita 10 hivi, na kwa vitendo pampu nyingi hushindwa baada ya mita 7 au 8. Kwa hivyo ukingo mrefu wa mto au kisima kirefu havimsaidii mzimamoto, hata kama maji anayaona.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: gari litafika lini? Chini ya Katiba ya 2010, huduma za kuzima moto ni jukumu la serikali za kaunti, zilizoanza kazi 2013. Makao makuu ya Kaunti ya Embu yako mjini Embu, makumi ya kilomita kutoka Ishiara. Mji wowote mdogo ulio mbali na makao makuu hauwezi kutarajia gari lifike ndani ya dakika zile za kwanza, ambazo ndizo huamua iwapo moto wa chumba kimoja utakuwa moto wa jengo zima.

Kenya imelipia somo hilo kwa maisha ya watoto. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Mnamo Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika Shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mwongozo wa usalama shuleni, uliotolewa na Wizara ya Elimu 2008, unataka milango ya mabweni ifunguke kuelekea nje na madirisha yasiwekewe vyuma vya kuzuia watu kutoka. Hakuna gari la zimamoto, liwe jipya namna gani, linaloweza kufidia mlango uliofungwa kwa kufuli.

Kwa sababu hiyo, mwalimu anayeipokea modeli ana nafasi ya kufanya zaidi ya kuipa alama. Anaweza kuipima kwa rula sehemu tatu ili kuona kama skeli ni moja, kisha akamtaka mwanafunzi aeleze maji ya tangi yatatosha dakika ngapi, yatajazwa wapi, na nani atakayekuwa akiuzima moto kabla ya gari kufika. Majibu ya swali hilo la mwisho ni ndoo za mchanga, kizima moto kilichokaguliwa, mlango unaofunguka, mtu anayejua kupiga 999 au 112, na wanafunzi waliofanya mazoezi ya kutoka bwenini gizani.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto huanza kwa vitu vidogo vilivyokutanishwa, na kinga yake pia hujengwa kwa vitu vidogo: vizibo 12, chupa moja ya dawa, na mtoto anayejua kila kimoja kinasimamia nini.